Injini ya ndege ndogo na injini ya Probox: ipi ya kuaminika?

#1 Fundi_Maweni (Malindi)
Wadau salaam. Nina karakana ndogo hapa Malindi, tuktuk na Probox ndiyo riziki yangu. Jana maskani tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Kuna jamaa anapakia mizigo uwanja wa ndege, anasema injini ya ndege ndogo haiharibiki ovyo kama ya gari kwa sababu imeundwa kwa chuma kingine kabisa. Nimemwambia hapana. Injini ni injini: pistoni, ringi, vali, krenki. Tofauti ni kuwa ya ndege inafunguliwa ikifika saa 2,000 za kazi hata kama haijalalamika, na ya Probox inafunguliwa siku ikigoma njiani. Mtu akiitunza Probox kama ndege, atamwachia mjukuu. Nani anabisha?

#2 Kijana_wa_Barani
Mimi nabisha, ila nimalize kula kwanza.

#3 Nahodha_Shela (Lamu)
Fundi, wewe waona barabara tu. Gari haifanyi kazi ngumu hata siku moja. Dereva akanyaga, aachilia, apumzika kwenye matuta, ateremka mlima bure. Mashini ya boti haina mteremko. Nikitoka hapa kupeleka abiria Manda uwanjani, Yamaha yangu ya 40 nimeifungulia mpaka nifike, na bahari yaivuta wakati wote kama breki. Ndege nayo ni hivyo hivyo, hewa haina mteremko wa kudumu. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha ndege, linganisha na boti. Probox iache ibebe miraa.

#4 Magneto_Mbili
Nimefanya kazi za injini za ndege uwanja wa Wilson, Nairobi, kwa muda mrefu kabla ya kurudi nyumbani pwani, naomba niweke mambo mawili sawa kabla uzi haujaenda mrama.

La kwanza. Ndege nyingi mnazoziona zikishusha abiria Manda hazina pistoni hata moja. Cessna Caravan ina turbini ya Pratt & Whitney, PT6, na inakunywa Jet A-1, ndugu wa karibu sana wa mafuta ya taa. Hiyo haina plagi za kuwaka kila mzunguko, haina vali, haina ringi. Kulinganisha PT6 na Probox ni kumlinganisha punda na feni. Anachosema Fundi kinahusu Cessna 172, 206 na ndugu zao, zenye injini za pistoni za Lycoming au Continental.

La pili. Saa 2,000 ni pendekezo la mtengenezaji kwa injini kama Lycoming O-360. Continental IO-520 ni 1,700. Si kwamba saa ya 2,001 injini inalipuka. Kwa mwenye ndege yake binafsi ni jambo la kujadili na fundi wake. Kwa ndege inayobeba watu kwa nauli, pendekezo hilo kwa kawaida limeshaingizwa kwenye mpango wa matengenezo ulioidhinishwa, na hapo halijadiliwi.

#5 Binti_Mambrui
@Magneto_Mbili samahani kaka, kama haina pistoni, ile propela ya mbele inazungushwa na nini? Nimeipanda na nimeiona kwa macho yangu inazunguka.

#6 Magneto_Mbili
Dada, hewa inaingia, inabanwa, inachomwa pamoja na mafuta, moshi wenye moto unasukuma magurudumu yenye mapanga madogo. Gurudumu moja linarudisha nguvu kwenye kubana hewa, la pili linaenda kwenye gia na propela. Na magurudumu hayo mawili hayakuunganishwa kwa chuma, ni upepo wa moto tu unayaunganisha. Ndiyo maana injini ikiwa imezimwa unaweza kuizungusha propela kwa mkono na haikusumbui.

#7 Mzee_wa_Probox
Nyote mmesahau hesabu. Mnapigia makofi saa 2,000. Gari langu likitembea wastani wa kilomita 60 kwa saa, saa 2,000 ni kilomita 120,000 tu! Probox ya kilomita 120,000 hapa Malindi inauzwa kama mpya na watu wanaigombania. Zinafika 300,000 na zinaenda Garsen na kurudi. Hiyo ni kama saa 5,000 bila kufunguliwa hedi. Sasa nani imara? Kama Probox ingetaka kufunguliwa kila kilomita 120,000 mngeitupa baharini.

#8 Kijana_wa_Barani
Nimemaliza kula. Mzee kanichukulia hoja yangu.

#9 Nahodha_Shela (Lamu)
Mzee, hesabu yako nzuri lakini umepima saa, hukupima kazi. Saa moja ya kulala na saa moja ya kubeba mawe zote ni saa.

#10 Injini_Wazi
Nahodha yuko sahihi nusu. 1NZ ya Probox ina nguvu za farasi kama 109. Ukitembea barabara tambarare kwa mwendo wa wastani, unatumia robo yake au chini. Ndege ya pistoni ikishapaa inasafiri kwa asilimia 65 mpaka 75 ya nguvu zake zote, saa kwa saa, na wakati wa kuruka ni mia kwa mia.

Lakini angalieni upande wa pili. O-360 ina ukubwa wa lita 5.9 na inatoa farasi 180 kwa mizunguko 2,700 kwa dakika. Yaani farasi 30 kwa kila lita. Probox inatoa zaidi ya 70 kwa kila lita, na kuzipata lazima izunguke karibu 6,000. Kwa hiyo ni ipi inayoteswa? Ya ndege imepewa mwili mkubwa na kazi ya polepole. Imeundwa miaka ya 1950 na haijabadilika sana. Kwangu mimi siri ni hiyo, uvivu wa mizunguko. Ufunguaji na ukaguzi vinakuja nyuma.

#11 Fundi_Maweni (Malindi)
@Injini_Wazi kama ni uvivu wa mizunguko, mbona trekta zinakufa? Zinazunguka polepole kuliko hata ndege. Zinakufa kwa sababu mwenyewe hajui chujio la hewa liko wapi.

Wiki hii nimefungua tuktuk ya kijana mmoja. Kaja analalamika haina nguvu, inachemka. Injini ile inapozwa na hewa, kama hizo za ndege mnazozisifu. Nikaangalia mapezi ya silinda: matope na oili vimekauka pamoja mpaka mapezi hayaonekani, limekuwa gogo. Natoa boliti ya oili, inatoka nyeusi nzito, inadondoka tone tone mithili ya lami. Namuuliza mara ya mwisho kubadilisha lini. Anasema, "Mimi huongeza." HUONGEZA! Hajawahi kuimwaga tangu aichukue kwa mwenye nayo. Na bado ilikuwa inabeba watu kutoka sokoni. Sasa niambieni, injini ipi ya ndege ingevumilia hivyo?

#12 Tuktuk_Number_Moja
Fundi si ungefuta hiyo, nitajulikana.

#13 Fundi_Maweni (Malindi)
😂 Sikutaja jina la mtu.

#14 Magneto_Mbili
Hapo Fundi unanipa raha. Ngoja niwaeleze oili ya ndege inavyoshughulikiwa, halafu mjiulize nani kati yenu anafanya hivyo.

Lycoming yenye chujio, oili inamwagwa kila saa 50. Isiyo na chujio la karatasi, yenye wavu tu, kila saa 25. Lakini kumwaga ndiyo sehemu rahisi. Chujio la zamani halitupwi. Unalikata mdomo kwa kifaa chake maalumu, si kwa msumeno, kwa sababu msumeno utakuongezea unga wa chuma. Unatoa karatasi ile yenye mikunjo, unaikunjua kama ukanda, unaiminya, unaitandaza juani. Kisha unaipitia mkunjo kwa mkunjo. Ukiona kinachometameta, unashika sumaku. Kikinasa ni chuma, pengine kemshafti (ekseli inayofungua vali) au ringi. Kisiponasa ni aluminiamu au shaba, hapo unafikiria pistoni au bushi. Kiasi kidogo unaandika kitabuni na kuangalia tena mapema. Kiasi kikubwa ndege hairuki, hata kama mwenyewe ana harusi.

Ukaguzi wa mwaka, au wa saa 100 kwa ndege za biashara, unapima kila silinda kwa upepo. Unaingiza upepo wa psi 80, unasoma inayobaki. Ikisoma 72 au 75, nzuri. Ikikaribia 60 unaanza kusikiliza upepo unatokea wapi: bomba la moshi ni vali, mdomo wa kujazia oili ni ringi. Na boliti nyingi zinazoweza kulegea zimefungwa kwa waya ili zisijizungushe. Gari gani lina waya?

#15 Mzee_wa_Probox
Na mwambie pia kitabu kinaruhusu injini hiyo ya farasi 180 inywe karibu nusu lita ya oili KWA SAA ikiwa katika nguvu zote. Probox ikila nusu lita kutoka Malindi mpaka Mombasa mnasema imechoka, uza. Ya ndege ikila hivyo mnasema iko ndani ya kipimo. Upendeleo huu vipi?

#16 Magneto_Mbili
😅 Ni kweli kitabu kinaruhusu, ila injini iliyo nzima inakula kidogo kuliko hapo sana. Inapozwa na hewa, silinda zinapata joto mno na kutanuka, lazima ziachiwe nafasi. Gari lina maji ya kulishika joto pale pale.

#17 Bi_Langoni (Lamu)
Mimi si fundi. Marehemu mume wangu alikuwa na mashua ya dizeli na alisema chombo kisichotoka ndicho kinachooza. Alikuwa akiiwasha hata siku za kusi kali, haendi popote, awashe tu. Je ndege nazo ziko hivyo?

#18 Magneto_Mbili
Mama, swali lako ni zuri kuliko ya sisi wote. Ndiyo, na kwa Lycoming ndiyo balaa lenyewe. Kemshafti yake iko JUU ya krenki, haikulowa ndani ya oili kama unavyodhani. Injini ikizimwa oili inateremka yote chini, kemshafti inabaki uchi. Ndege ikikaa wiki nyingi kwenye hewa ya chumvi na unyevu kama ya Manda, kutu inaingia kwenye macho ya kemshafti. Siku ikiwashwa kutu ile inasaga. Ndiyo maana mtengenezaji anaweka na kikomo cha miaka, 12, hata kama saa hazijafika. Injini inayoruka kila siku huwa na afya kuliko ya tajiri anayekuja Desemba.

Ila nimpinge marehemu kidogo, Mungu amrehemu. Kuwasha ndege chini bila kuruka ni vibaya zaidi. Oili haipati joto la kutosha kufukuza maji, unakuwa umeongeza unyevu ndani na kujidanganya.

#19 Bi_Langoni (Lamu)
Amina. Ila mashua yake ilidumu.

#20 Injini_Wazi
Kwa hiyo sasa si utunzaji, ni matumizi. Fundi_Maweni hoja yako imepigwa tobo. Gari linaloendeshwa kila siku linashinda ndege inayolala, hata kama ndege ina karatasi zote.

#21 Fundi_Maweni (Malindi)
Kuruka mara kwa mara nako ni utunzaji. Tobo limezibwa.

#22 Nahodha_Shela (Lamu)
Chumvi ndiyo adui wetu sote. Mimi nikimaliza kazi naifunga mashini mpira wa maji tamu, nawasha, maji yapite ndani mpaka yatoke safi. Wapo vijana hawafanyi, wasema maji ya kununua. Baada ya muda njia za maji zimeziba chumvi, mashini yachemka, yanoki katikati ya mkondo, wapiga kelele wavutwe. Magneto, ndege zafanyiwa hivi?

#23 Magneto_Mbili
Caravan za pwani zinafanyiwa hasa. Maji safi yanapulizwa mdomoni mwa injini huku stata inaizungusha bila moto, yanasafisha chumvi kwenye mapanga ya kubana hewa. Wanaofanya kazi karibu na bahari wengine wanaosha kila siku. Turbini inameza hewa nyingi sana, na hewa yetu ina chumvi, hesabu mwenyewe.

#24 Binti_Mambrui
Kumbe hata ndege inapigwa maji tamu kama boti ya Nahodha. Nimejifunza.

#25 Rubani_Mstaafu_Pwani
Nimesoma kimya kimya. Nyote mnazungumza chuma, hakuna aliyetaja mafuta na mtu. Ndege za pistoni zikizimika angani, sehemu kubwa ya sababu ni mafuta kuisha, tangi lisilo sahihi kufunguliwa, au maji ndani ya petroli. Injini yenyewe haikuwa na kosa. Ndiyo maana kila asubuhi rubani anachota mafuta chini ya tangi kwenye kikombe cha kioo na kukiinua juu kwenye mwanga. Maji yanakaa chini, mafuta juu, mstari unaonekana. Avgas, yaani petroli ya ndege, ina rangi ya bluu, ukiona haina rangi kuna mtu amechanganya.

Halafu kuna barafu ya kabureta. Hewa yenye unyevu ikipita kabureta inapoa ghafla, hata siku ya joto, na barafu inajijenga kwenye koo la kabureta mpaka injini inakosa pumzi.

#26 Kijana_wa_Barani
Barafu. Malindi. Nyuzi 30. Mzee umepitia kiwanda cha samaki?

#27 Rubani_Mstaafu_Pwani
Cheka tu kijana. Petroli ikigeuka mvuke inanyonya joto, na hewa ikipita pembamba inapoa pia, joto linaweza kushuka zaidi ya nyuzi 20 mle ndani. Anza na 25 uone unafika wapi. Pwani yetu yenye unyevu ni mahali pazuri kwa barafu hiyo, hasa ukipunguza moto kushuka kutua. Kuna kishikio cha kuingiza hewa ya moto. Usipokivuta mapema, utakivuta ukiwa umechelewa.

#28 Mzee_wa_Probox
Probox haina kabureta. Naendelea kushinda.

#29 Bodaboda_Mtwapa
Wakuu hiyo petroli ya bluu nasikia ukitia kwenye pikipiki inapaa. Inapatikana wapi?

#30 Fundi_Maweni (Malindi)
Usijaribu. Avgas ya 100LL bado ina risasi. Petroli ya gari yenye risasi Kenya iliondolewa tangu 2006. Ukitia kwenye gari la kisasa unaua kichujio cha moshi na kihisi cha oksijeni. Kwenye pikipiki yako utachafua plagi tu, na hutaona kasi yoyote.

#31 Magneto_Mbili
Na hata ndege zenyewe risasi inazisumbua. Tunatoa plagi na kuchokoa vijiwe vya risasi kwa ncha kali. Ile plagi ya chini ya kila silinda ndiyo hujaa.

#32 Injini_Wazi
Turudi kwenye swali la kweli: kama injini za gari ni nzuri hivyo, kwa nini haziwekwi kwenye ndege? Jibu ni kwamba ZIMEWEKWA. Volkswagen ya Kobe imepaa. Ford Model A ilipaa kwenye ndege ya Pietenpol mwaka 1929. Subaru zimepaa kwa watu wanaojijengea ndege. Porsche walitoa injini yao ya ndege iliyotokana na 911 miaka ya 1980, wakaiacha baada ya miaka michache.

Ya kusisimua zaidi ni Thielert wa Ujerumani. Walichukua dizeli ya Mercedes A-Class wakaibadilisha iwe ya ndege. Haili mafuta mengi, haina kabureta, kompyuta inapanga kila kitu, na inatumia Jet A-1. Injini yenyewe ilikuwa nzuri, ila giaboksi ilitakiwa kutolewa ikakaguliwe kila saa 300, na kampuni ikafilisika 2008.

#33 Rubani_Mstaafu_Pwani
Umeacha la Speyer. Machi 2007, Ujerumani, ndege ya injini mbili aina ya DA42 yenye dizeli hizo hizo. Betri ilikuwa imekufa, ikawashwa kwa umeme wa nje. Ikaruka. Rubani alipokunja magurudumu, mota ikavuta umeme, volti ikaanguka, kompyuta za injini ZOTE MBILI zikajizima na kujiwasha upya. Propela zikasimama wakati mmoja. Walianguka pembeni ya uwanja, wakapona.

Sasa rudi kwenye jina la mwenzetu Magneto_Mbili. Lycoming ina magneto mbili (vifaa vinavyojizalishia umeme wa plagi) na plagi mbili kila silinda, na magneto haihitaji betri wala altaneta. Umeme wote wa ndege ukifa, injini haina habari. Ndiyo maana kabla ya kuruka tunazima moja, tunaangalia mizunguko inashuka kiasi gani, tunairudisha, tunazima ya pili. Ni teknolojia ya babu, na mimi nitalala usingizi juu yake.

#34 Mzee_wa_Probox
Teknolojia ya babu kwa bei ya nyumba. O-360 mpya ni makumi ya maelfu ya dola. Kwa pesa hiyo nanunua Probox kadhaa na kila moja ina injini ya bure ndani.

#35 Injini_Wazi
Wanaodharau injini za gari wajue pia: ili injini ya ndege ipewe cheti Marekani inaendeshwa majaribio ya ustahimilivu ya saa 150. Kampuni kubwa za magari huziendesha zao mezani kwa mamia ya saa, moto wote. Nani amepima zaidi?

#36 Magneto_Mbili
Lakini cheti cha gari hakisemi nini kitatokea ukiifunga propela mbele yake. Propela inapiga krenki mitikisiko ambayo gurudumu la gari halijui. Giaboksi za hizo Subaru na Mercedes ndizo zilizolipa deni hilo. Injini ya ndege ya Rotax 912 ULS imefaulu kwa sababu ilibuniwa na giaboksi yake tangu mwanzo: lita 1.35, farasi 100, inazunguka 5,800 na kupunguzwa kwa gia, na inakubali petroli ya kituo cha mafuta. Ukiipa avgas kwa wingi ndiyo inakutaka ubadilishe oili mapema zaidi.

#37 Nahodha_Shela (Lamu)
Hiyo Rotax ndiyo naielewa. Mizunguko ya boti, mafuta ya boti.

#38 Kijana_wa_Barani
Kwa hiyo mshindi nani? Niende maskani nikaseme nini?

#39 Fundi_Maweni (Malindi)
Sema utunzaji.

#40 Mzee_wa_Probox
Sema Probox.

#41 Injini_Wazi
Sema mizunguko 2,700.

#42 Tuktuk_Number_Moja
Ila kweli Fundi, nimeshawishika na hili la saa. Tuktuk inakaa stendi inanguruma bila kutembea, mita ya kilomita haisogei lakini injini inakula. Kuna mita ya saa ya kufunga kwenye tuktuk?

#43 Nahodha_Shela (Lamu)
Ipo, ya boti. Ndogo, ina betri yake ndani, unazungusha waya kwenye waya wa plagi inahesabu yenyewe. Mimi nimefunga. Sasa kijana akinambia "leo sikwenda mbali" namwonyesha.

#44 Tuktuk_Number_Moja
Bei gani na naipata wapi, Malindi au mpaka Mombasa?

#45 Nahodha_Shela (Lamu)
Mombasa maduka ya mashini za boti. Bei usiamini ya kwanza wanayokutajia. Na usimwambie muuzaji ni ya boti, mwambie ni ya jenereta.

#46 Fundi_Maweni (Malindi)
Leta mbili, moja yangu. Na uje na ile tuktuk Jumamosi asubuhi nikuoshee mapezi kabla hujafunga mita yoyote.